Miguu Pole Pole, Ratiba Mbio

Hotuba ya kiongozi wa wapanda mlima kwa kikundi kinachojiandaa kupanda Kilimanjaro mwezi Desemba, Moshi

Wazee wangu wa Marangu na Machame mliokubali kuketi nasi jioni hii, shikamooni. Wageni wetu kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Nairobi, karibuni Moshi. Wagumu wenzangu, wabeba mizigo mliosimama kule nyuma, nawaona, na nitafika kwenu kabla sijakaa.

Leo asubuhi mlima ulijifungua. Tangu alfajiri hadi kama saa 3 Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, nyeupe juu, na nimewaona wengi wenu pale barabarani mmeinua simu. Halafu mawingu yakaja yakaufunika, kama ilivyo desturi yake. Nimefurahi kwamba mmeuona kwanza mkiwa chini. Mtu akiuona mlima akiwa chini hujua anakwenda kwa mkubwa.

Walioniita waliniomba nizungumzie michezo ya milimani kwa wasafiri, na wakanipa orodha ndefu: kupanda, kukimbia, baiskeli, kuruka na mwavuli. Yote hayo yanafanyika hapa kwetu. Lakini mimi nitabaki kwenye kupanda kwa miguu, kwa kuwa ndiko mnakokwenda Desemba, na ndiko nilikokulia. Nimekuwa mlimani miaka 26. Minne ya kwanza nilibeba mizigo, mitatu nilikuwa msaidizi, iliyobaki nimekuwa kiongozi. Na katika miaka yote hiyo kuna jambo moja ambalo, kama ningepewa dakika moja tu ya kuzungumza na kila mpandaji kabla hajalipia safari yake, ndilo ningemwambia: ongeza siku.

Mmekwisha kulisikia neno pole pole. Limeimbwa, limeandikwa kwenye fulana, na mzungu akishuka uwanja wa ndege tayari analijua. Na kweli njiani tunakwenda pole pole, hatua ya mzee, mtu anaweza kuongea bila kuhema. Lakini ndugu zangu, pole pole tunayoiimba ni ya miguu. Ratiba yenyewe inakimbia. Unamkuta mtu anatembea taratibu kama anasindikiza arusi, kumbe safari yake imepangwa kwa siku 5, na kila jioni analala mita 1,000 juu ya alipolala jana. Huyo hakwenda pole pole. Huyo amekimbia huku akitembea.

Tuchukue njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunaichagua. Ina vibanda vya kulala na ndiyo inayouzwa kwa siku chache. Getini uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu kwenye vibanda vya Kibo, mita 4,720. Na usiku huohuo wa tatu, saa 6, unaamshwa, unavalishwa kila ulichonacho, na unaelekea kileleni, Uhuru, mita 5,895. Madaktari wanaoshughulika na magonjwa ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike bila kupandisha. Sasa hesabuni wenyewe. Kutoka Horombo kwenda Kibo peke yake ni mara mbili ya wanavyoshauri, na mtu wa siku 5 hana hata siku moja ya kupumzika.

Mwili unahitaji hizo siku kwa kazi gani? Nitaeleza nilivyofundishwa na nilivyoona. Watu husema juu hakuna oksijeni. Ipo. Katika kila sehemu 100 za hewa, oksijeni ni karibu 21, hapa Moshi na kule Uhuru. Kinachobadilika ni kwamba hewa yenyewe inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda, na kule kileleni kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga ufukweni. Mwili ukigundua hilo unaanza kujipanga upya. Kwanza unapumua haraka na kwa kina zaidi, hata ukiwa umekaa. Kupumua huko kunavuruga kemia ya damu, kwa hiyo figo zinaanza kurekebisha, na ndiyo maana mtu anayezoea vizuri hukojoa sana. Usiku wa Horombo ukiamka mara 3 kwenda chooni kwenye baridi ile, usinung'unike. Hiyo ni habari njema. Kisha, kwa wiki kadhaa, damu inaongeza chembe nyekundu za kubeba oksijeni. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoharakishwa na mazoezi ya gym, wala na ujana, wala na ushupavu. Figo hazijui kama ulimaliza marathoni.

Kuna jambo jingine ambalo huwatisha wapya, nalisema ili msije mkashtuka. Usiku mnaweza kumsikia mwenzenu akipumua kwa nguvu, kisha akanyamaza kabisa, sekunde 5, sekunde 10, mpaka ukataka kumtikisa, halafu akavuta pumzi moja kubwa na kuendelea. Katika kimo kile hutokea kwa watu wengi wazima wa afya. Mwacheni alale. Wa kuamshwa ni yule anayehema kama anakimbia ilhali amelala, au anayekohoa kifua kikiwa na maji.

Sasa nataka niwasimulie usiku mmoja. Sipendi kuusimulia, lakini kila ninapoacha kuusimulia najiona nimewaibia watu.

Nilikuwa msaidizi wa kiongozi. Tulikuwa na kikundi cha vijana wa nyumbani, Watanzania, safari ya siku 5 kwa Marangu. Mmoja wao alikuwa mchezaji wa mpira, kijana mwenye mapafu ya farasi. Siku ya kwanza alitupita wote. Siku ya pili alifika Horombo kabla ya wagumu. Siku ya tatu, kwenye ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, alikuwa wa mwisho, na nikadhani amejifunza. Kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Horombo, na alikuwa amemwambia mwenzake wa kitanda cha juu tu, akimkataza asitutajie. Aliogopa tungemrudisha. Alikuwa amewaaga watu mtaani kwao kwamba anakwenda kusimama Uhuru.

Pale Kibo jioni alisukuma sahani. Supu hakuigusa. Nilimuuliza, akasema ameshiba chapati ya njiani. Nikaandika kichwani kwamba huyu hajala, nikaenda kulala saa zangu 3.

Saa 6 usiku tukaanza. Mnaofahamu njia ile mnajua ni changarawe, unapanda hatua moja unateleza nusu. Taa za kichwani zinakwenda mstari mmoja. Karibu na pango la Hans Meyer, kwenye kama mita 5,150, alisimama kufunga zipu ya jaketi. Nikamwangalia. Alishika upande mmoja wa zipu, akatafuta wa pili, akaukosa. Akatafuta tena. Akautazama kwa makini sana, kama mtu anayesoma barua, na mkono ukapita pembeni. Nikamuita jina. Aliitika, lakini jibu lilichelewa, kama simu ya zamani ya mbali. Nikamwambia anyooshe hatua, kisigino cha mguu huu kiguse vidole vya mguu ule, hatua 10. Hatua ya tatu akaangukia kushoto.

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimefundishwa: kichwa kuuma ni mlima unakugonga bega, kupepesuka na kuchanganyikiwa ni ubongo unavimba, na dawa yake ni kushuka, sasa hivi, gizani, bila kungoja kuche. Nikamfuata kiongozi wangu. Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa na waliotutuma kwamba wageni hawa lazima wafike. Akasema tumpe chai ya tangawizi, tumkalishe pangoni, tuone. Nami nikakubali. Nilikaa naye pale dakika 40, nikimshikia kikombe, huku najua.

Dakika 40 zile ni zangu, simpi mtu mwingine. Alipoanza kutapika na kuacha kujibu nilimshika mkono mmoja, mgumu mmoja aliyekuwa amekuja nasi akashika wa pili, tukateremka naye changarawe ile tukikaa na kusimama. Kibo tulimlaza kwenye machela. Ambao hamjaiona, machela ya mlimani ni kitanda cha chuma chenye gurudumu moja katikati, watu wanakishika pande zote na kukimbia nacho kwenye mawe, na aliyelala amefungwa mikanda mpaka kifuani. Watu 6 walikimbia naye uwanda mzima. Tulipokaribia Horombo kulikuwa kumekucha, akafumbua macho, akauliza tuko wapi, na baadaye kidogo akaomba uji. Uji! Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia.

Alipona. Kushuka kwenyewe kulimponya. Tungengoja kuche, sina hakika kama leo ningekuwa na nguvu ya kusimama hapa.

Nimesimulia hivi kirefu kwa sababu kila kilichotokea usiku ule kilianza mezani, siku safari ilipopangwa. Siku ya 6 kwenye njia ileile ya Marangu inakupa usiku wa pili pale Horombo. Asubuhi unapanda taratibu hadi kwenye yale majabali yenye milia myeusi na myeupe, Zebra Rocks, mnafika kama mita 4,000, mnapiga picha, mnashuka kula chakula cha mchana. Ni matembezi ya saa chache tu. Lakini mwili umegusa juu ukarudi kulala chini, na figo zimepata usiku mmoja zaidi wa kazi. Kijana yule angekuwa na siku ile, ama angezoea, ama kichwa kingemuuma mahali ambapo hospitali iko karibu zaidi na mimi nina mchana mzima wa kumtazama.

Najua mnachofikiria, hasa mliotoka maofisini. Likizo ni fupi, na siku moja zaidi ni pesa: kiingilio cha hifadhi, chakula, ujira wa watu. Ni kweli. Ila Mtanzania na ndugu yetu wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa mbali. Mgeni yule akiuza gari lake kuja hapa siku 8 kwa njia ya Lemosho, sisi wenye mlima tunakuja siku 5 kwa sababu tumenunua jaketi la bei. Pesa ya jaketi jipya la dukani inatosha kuchangia siku. Jaketi nzuri ya mtumba ipo soko la Memorial hapa mjini, nendeni kesho mkachague. Buti tu ndizo ningependa mnunue mapema mzivae mtaani mpaka ziwajue.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Machame ichukueni kwa siku 7 badala ya 6, ili mlale Karanga na mfike kambi ya Barafu mchana mkiwa na nguvu. Uzuri wa Machame na Lemosho ni kwamba siku moja zinakupandisha hadi kwenye jabali la Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu zinakushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Hiyo ndiyo kanuni ya wapanda milima wote, panda juu lala chini, na pale imo ndani ya njia yenyewe. Rongai inatoka kaskazini, upande wa mpaka na Kenya, ni kavu zaidi. Umbwe ni mwinuko mkali na ya haraka, na kwa mtu wa mara ya kwanza siishauri hata kidogo.

Na kama mnaweza, pandeni Meru kwanza. Watu wanaidharau kwa sababu imekaa kwenye kivuli cha kaka yake, lakini mita 4,562 si kilima. Mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, mnalala Miriakamba, kisha Saddle Hut, na alfajiri mnaipita ile kingo nyembamba huku shimo la volkano likiwa upande mmoja na jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Mimi binafsi, kwa uzuri wa macho, naipa Meru mbele. Mkishuka hapo mkapumzika siku 2 mkaenda Kilimanjaro, miili yenu inakumbuka. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana mlima wao, na Point Lenana kwenye mita 4,985 ni shule nzuri, mradi msiende kwa mtindo wa kutoka ofisini Ijumaa na kutaka kilele Jumapili alfajiri. Mlima Kenya unaumiza watu kwa haraka ileile.

Mtu ataniuliza, mbona wapo wanaokimbia? Wapo. Mwaka 2014 Karl Egloff alitoka chini akafika Uhuru na kurudi kwa chini ya saa 7. Simon Mtuy, mwenzetu wa hapahapa mkoani, alifanya kazi hiyo mwaka 2006 kwa chini ya saa 10, na kwetu yeye ni fahari. Lakini mmoja ni kiongozi wa milima ya Ekwado na mwingine amezaliwa miguuni pa Kilimanjaro na ameongoza safari zake miaka mingi. Siku ambazo hamkuziona kwenye saa zao walikwisha kuzilipa kabla, moja moja. Hawakuzikwepa.

Na hata wa kwanza kabisa kufika kileleni alizilipa. Wazee wangu wa Marangu mnalijua hili kuliko mimi, niwieni radhi nikilisimulia mbele yenu. Hans Meyer alishakuja mwaka 1887 akafika kwenye barafu akarudi. Alipokuja mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller alifanya jambo la akili: aliweka kambi mlimani na kupanga chakula kiwe kinapandishwa kwake kutoka chini, ili asilazimike kuharakisha kwa kuogopa njaa. Oktoba 3 walifika ukingo wa shimo la Kibo wakiwa wamechoka kabisa, na kilele wakakiona kwa mbali. Walirudi. Walishuka, wakapumzika, wakaenda kulala juu zaidi, pangoni, na Oktoba 6 wakasimama kileleni. Huko Marangu tunamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, kijana wetu aliyewaongoza. Kwa hiyo hata safari ya kwanza inayojulikana kufika kilele cha Kibo ilifanikiwa kwa sababu watu walikubali kugeuka. Nakumbuka hili kila ninapomgeuza mtu. Na mnaokwenda ili mfike Desemba 9, kwa heshima ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na mwenge usiku ule wa mwaka 1961, nawaomba mpange tarehe ya kuanza kwa kuhesabu kurudi nyuma, siku 7 au 8. Bendera yenu haitaona haya ikifika tarehe 10.

Dawa. Watu wananiuliza kuhusu Diamox kila wiki. Mimi si daktari. Mwoneni daktari kabla hamjaja, na mwambieni kama mna mzio wa dawa za salfa. Ninachoweza kusema ni kwamba haifichi ugonjwa, inausaidia mwili upumue zaidi na uzoee mapema. Vidole vitakuwashawasha, na soda itakuwa na ladha mbaya mdomoni, msishangae. Ila haigeuzi siku 5 kuwa 7. Dawa za usingizi na pombe, hapana, hata kidogo, maana zinapunguza pumzi usiku, na usiku ndipo tunapowahitaji mpumue. Na dawa za maumivu mkizimeza mniambie. Kichwa kilichonyamazishwa kwa siri ndicho kilichonifikisha mimi kwenye pango lile.

Sasa nakuja kwenu kule nyuma.

Wageni, hawa tunawaita wagumu. Jina zuri, na limetuletea matatizo. Kwa kuwa ni wagumu, watu wanadhani mlima hauwapigi. Mgumu anapanda kwa ratiba yenu. Mkikimbia anakimbia, tena ana mzigo kichwani, na anapofika kambini anawatandikia hema kabla hajavua koti. Kibo hakuna chemchemi. Maji mnayonawia uso pale yamebebwa na mtu kuvuka uwanda mzima. Nilipokuwa nabeba, mwaka wangu wa pili, niliwahi kutapika nyuma ya mawe nikafuta mdomo na kuendelea, kwa sababu nikisema naumwa nateremshwa, na nikiteremshwa siku zangu zinakatwa. Nilikuwa na miaka 20. Wenzangu mnacheka kidogo, lakini mnajua ni wangapi wamefanya hivyo mwaka huu.

Kwa hiyo mnapochagua wa kuwapeleka, msiulize bei peke yake. Ulizeni wagumu watakula milo mingapi kwa siku. Ulizeni watalala kwenye hema gani, na kama mmoja akiugua atalipwa siku zake zote. Anayewajibu haraka bila kujikuna ndiye. Getini kuna mizani, na mzigo wa mgumu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20. Kaeni pale mtazame ukipimwa, msikimbilie kupiga picha kwenye kibao. Nimeona mzigo ukipimwa sawa getini, na baada ya kona mbili msituni watu wawili wanarudishwa na mizigo yao inaongezwa kwa waliobaki. Hesabuni watu wenu jioni ya kwanza. Mkianza na 14, muwe 14. Mkiwa wageni wa kuhesabu, hilo haliwezi kutokea.

Na nyie wagumu, naomba tukubaliane kitu mbele ya wageni hawa wakiwa mashahidi. Katika safari hii ya Desemba, mtu akiumwa kichwa aniambie. Siku zake hazikatwi. Nimekwisha kuzungumza na walioandaa, wamekubali, na ndiyo maana nimelisema hadharani.

Kuhusu usiku wa kileleni nitasema machache, kwa kuwa mengine mtayaona wenyewe. Baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, na upepo unaiongeza. Maji ya chupa yanaganda kuanzia shingoni, kwa hiyo ilazeni kichwa chini. Betri ya simu iwekeni kwenye nguo za ndani, karibu na mwili. Mtafika Gilman's Point, ukingo wa shimo, na wengine mtaona pale panatosha. Panatosha kweli. Wenye nguvu wataendelea kupitia Stella Point hadi Uhuru, na kushoto kwenu mtaona barafu iliyobaki. Zaidi ya sehemu nne kwa tano ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Mimi mwenyewe kuna kingo nilizokuwa nikizipita nikiwa kijana ambazo sasa ni vumbi tupu. Itazameni vizuri, na watoto wenu wasimulieni rangi yake, ile buluu ya ndani, kwa sababu picha haiikamati.

Na nitakayemwambia ageuke, ageuke. Nitamwambia mara moja kwa upole, na mara ya pili nitakuwa tayari nimemshika mkono. Sitakuwa na dakika 40 tena.

Nimemaliza maneno, limebaki tendo. Kile kipimo cha hatua 10 kina udhaifu mmoja: nikikupima usiku, kwenye changarawe, umevaa buti na suruali 3, sijui kama unapepesuka kwa ugonjwa au ndivyo unavyotembea siku zote. Wapo watu wazima kabisa wasioweza kwenda mstari mmoja. Kwa hiyo nataka niwaone leo mkiwa wazima, kila mmoja, na msaidizi wangu ataandika kwenye daftari. Wagumu pia, mje mbele, msisubiri kuitwa.

Sukumeni viti ukutani. Mstari ni huu wa vigae, kutoka hapa mpaka mlangoni. Vueni viatu. Mama uliyeketi karibu na dirisha, naomba tuanze na wewe. Kisigino kiguse vidole, mikono iache ining'inie, macho mbele. Moja.